Mbolea ya asili kwenye mboga za majani: dalili unayoiona na chanzo usichokiona

Mchicha unachumwa wiki tatu hadi nne baada ya kusia mbegu. Bakteria waliotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe au kuku wanaweza kukaa kwenye udongo miezi kadhaa, na mayai ya minyoo ya askaris hukaa miaka. Hapo ndipo ugumu wa mboga za majani ulipo kwa anayelima kwa samadi: mboga huwa tayari kabla vimelea havijafa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai zipite siku 120 kati ya kufukia samadi mbichi na kuvuna, ikiwa sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 ikiwa haigusi. Siku 120 ni kama umri wa mchicha mara nne. Hakuna anayeacha tuta lilale muda wote huo ili ale mboga ya mwezi mmoja. Kwa hiyo kazi ambayo muda ungeifanya inabidi ifanywe na joto la lundo la mboji, yaani samadi na majani vilivyorundikwa vioze, tena kabla mbolea haijafika bustanini.

Makala hii nimeipanga kwa dalili kwa sababu ndivyo tatizo linavyomjia mtu. Hakuna anayekuja kusema ana bakteria wa Salmonella shambani. Anasema lundo limepoa, au majani yamejikunja, au mteja amelalamika tumbo. Kabla ya kuendelea, tuelewane neno moja. Samadi mbichi hapa ni samadi yoyote ambayo haijapita kwenye joto la kutosha. Iliyokauka juani ikawa unga ni mbichi. Iliyolala nyuma ya banda mwaka mzima bila kugeuzwa nayo naihesabu mbichi, hata kama haina harufu na mikononi inaonekana kama udongo mzuri.

Lundo halipati joto, au limepata kisha likapoa mapema

Lundo lililochanganywa vizuri hufika nyuzi 55 za Selsiasi ndani ya siku chache. Ikiwa wiki imepita na katikati bado ni vuguvugu, anza na ukubwa. Lundo lisilofika mita moja kwa urefu, upana na kimo hupoteza joto haraka kuliko linavyolitengeneza. Ndilo kosa ninalolitafuta kwanza, kwa sababu ndilo la kila siku: ndoo tano za samadi, nyasi juu, kisha kusubiri.

Kama ukubwa upo, pima maji. Chota konzi moja kutoka ndani na uikamue. Yakitoka matone mawili matatu, yanatosha. Mkono ukibaki mkavu, bakteria wamelala kwa kiu. Mwagia huku unageuza, maana ukimwaga juu peke yake maji yatateremka pembeni na moyo wa lundo utabaki vilevile. Yakichuruzika, hewa haipiti. Ongeza vitu vikavu.

Cha tatu ni chakula cha bakteria hao. Wanataka kaboni na nitrojeni kwa uwiano wa kati ya 25 kwa 1 na 40 kwa 1. Majani makavu, mabua na maranda ni upande wa kaboni. Samadi, majani mabichi na mabaki ya jikoni ni upande wa nitrojeni. Unga wa mbao una kaboni mara mia kadhaa ya nitrojeni yake, kwa hiyo lundo lenye unga mwingi wa mbao linaweza kukaa miezi bila kupata moto. Samadi ya kuku nayo iko karibu 10 kwa 1, na ikiwa peke yake itawaka haraka, itatoa amonia, kisha itazimika.

Lakini lundo kuwa moto katikati ni nusu tu ya kazi. Chukua lundo la mita moja kila upande. Ondoa ganda la sentimita 15 juu, chini na pembeni. Kinachobaki ndani ni theluthi moja tu ya lundo lote! Theluthi mbili ziko kwenye ganda, na ganda ndilo linalopigwa na upepo na kulala kwenye udongo baridi. Ndiyo maana kanuni hizohizo za Marekani zinataka lundo la wazi likae kati ya nyuzi 55 na 77 kwa siku 15, na ndani ya siku hizo ligeuzwe angalau mara tano: kila kipande kipate zamu yake katikati. Kwenye chombo kilichofungwa, au lundo lililofunikwa na kupitishiwa hewa kwa mabomba, siku tatu zinatosha kwa sababu hakuna ganda la baridi. Nimeona watu wakichukua siku tatu za mfumo huo na kuzitumia kwenye lundo la nje. Hapana.

Unapogeuza usikoroge ovyo. Kilichokuwa nje kiingie ndani, kilichokuwa ndani kitoke nje. Kipimajoto kiwe chenye mti mrefu, na uchome sehemu tatu nne, si katikati peke yake. Wasio nacho huchomeka nondo, wakaiacha dakika kumi, wakaishika. Ikiwa haishikiki, ni dalili njema, lakini si ushahidi. Kiganja hakitofautishi nyuzi 48 na 55, na usalama wa mboga yako uko kwenye nyuzi hizo saba. Joto likipita 70, geuza, usije ukaua hata wale wanaokufanyia kazi.

Kuna lundo lililopata joto lake lote kisha likachafuka tena. Kuku wanaparura juu yake, samadi mpya imerundikwa upande wa mlimani na mvua inateremsha maji yake, chepe lililobeba samadi asubuhi linachota mboji iliyokwisha kuiva jioni. Salmonella akiangukia kwenye mboji iliyopoa anaweza kuongezeka upya, kwa kuwa wengi wa bakteria ambao wangemzuia hawapo. Mboji iliyoiva iwe mbali na samadi mbichi, mahali pa juu kuliko samadi, imefunikwa, na ina chepe lake.

Lundo linanuka

Harufu inayochoma pua na kutoa machozi ni amonia: nitrojeni imezidi, na inapotea hewani. Ongeza mabua au majani makavu. Harufu ya mayai viza ni ukosefu wa hewa. Lundo limelowa au limeshindiliwa, ligeuze na uweke vitu vikubwavikubwa vya kuachia nafasi. Utando mweupe kama majivu ndani ya lundo lenye joto si ukungu wa kukutisha, ila unakuambia pale ndani pamekauka. Nzi wengi juu maana yake mabaki mabichi hayajafunikwa, na nzi huyohuyo anayetua kwenye samadi ndiye atakayetua kwenye saladi.

Miche inaungua ncha, au inageuka njano wiki moja baada ya kuweka mbolea

Ncha na kingo za majani zikiwa za kahawia kama zimeunguzwa, fikiria chumvi na amonia, na mtuhumiwa wa kwanza ni samadi ya kuku. Mwagilia kwa maji mengi kushusha chumvi chini ya mizizi, na usirudie mbolea hiyo. Majani ya chini yakigeuka njano huku mche umedumaa, mboji haikuiva: bado ina kaboni ya kuliwa, na bakteria wa udongo wanaichukua nitrojeni ya mche wako ili waimalize. Itarudi baadaye, lakini mchicha wa siku 25 hauna baadaye.

Kipimo ni rahisi. Lowesha mboji kidogo, uifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki moja, kisha ufungue na kunusa. Ikinuka udongo wa mvua, imeiva. Ikinuka uchachu au amonia, irudi kwenye lundo. Halafu sia mbegu za saladi kwenye kopo la mboji na nyingine kwenye kopo la udongo wa kawaida, ulinganishe.

Usichanganye mambo mawili hapa. Mboji iliyoiva ni ile isiyoudhuru mche. Mboji salama ni ile isiyomdhuru mlaji. Samadi iliyokaa miaka miwili bila joto inaweza kuotesha mbegu vizuri kabisa huku imebeba mayai ya minyoo, na mboji iliyotoka kwenye nyuzi 60 jana inaweza kuwa salama kwa tumbo na sumu kwa mche. Unazihitaji sifa zote mbili, na kila moja ina kipimo chake.

Majani mapya yamepinda, yamejikunja kama kikombe

Geuza jani kwanza. Ukikuta vidukari au utitiri, tatizo lako liko kwenye makala nyingine. Kama hakuna mdudu, na dalili zimetokea tu pale ulipoweka samadi au matandazo ya nyasi, shuku dawa ya kuua magugu. Kuna dawa za malisho, aminopiralidi na klopiralidi, zinazoua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Ng'ombe anakula nyasi zilizopuliziwa, dawa inapita tumboni mwake bila kuvunjika, inatoka kwenye kinyesi, na inaweza kuvumilia hata joto la lundo. Mfugaji wa ng'ombe huyo huenda hajui lolote. Alinunua nyasi kavu tu.

Pima kabla ya kusambaza. Jaza vyungu vitatu mchanganyiko wa samadi hiyo na udongo safi, na vingine vitatu udongo safi pekee, upande maharage. Maharage ni mepesi kuathirika kuliko mboga nyingi. Subiri wiki mbili tatu. Majani ya tatu na kuendelea yakijikunja kwenye vyungu vya samadi peke yake, umepata jibu. Samadi hiyo ipeleke kwenye eneo la nyasi au nafaka, na mabaki ya mazao hayo usiyarudishe kwenye mboji. Tuta lililokwisha kuathirika lilimwe mara kwa mara, likae na unyevu na joto. Vijidudu vya udongo ndivyo vinavyoivunja dawa, navyo huchukua muda. Mpaka maharage yaote sawasawa hapo, usipande mboga.

Mboga imenawiri kupita kiasi

Dalili hii hakuna anayeilalamikia. Majani mapana, laini, kijani cha kuelekea weusi, mabua yamejaa maji, vidukari wameipenda. Mkulima anapiga picha. Mimi huuliza ameweka samadi ya kuku kiasi gani.

Mmea hunyonya nitrojeni kama nitrati na kuibadilisha kuwa protini kwa msaada wa mwanga. Nitrojeni ikiwa nyingi na mwanga hafifu, nitrati inalundikana kwenye jani. Spinachi, mchicha, saladi na jamii ya rukola ndizo zinazoongoza kwa tabia hii. Watu wanadhani ni tatizo la mbolea za viwandani tu, lakini mzizi hautambui nitrati imetoka kwenye mfuko au kwenye banda. Tena mbolea ya asili ina usumbufu wake: huachia nitrojeni udongo unapopata joto na unyevu, si pale unapoamua wewe, kwa hiyo tuta lililolishwa kila msimu kwa miaka linaweza kuachia zaidi ya ulichoweka mwaka huu.

Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi miligramu 3,500 za nitrati kwa kilo ya spinachi mbichi. Kiwango cha kila siku kinachokubalika kimataifa ni miligramu 3.7 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani miligramu 222 kwa mtu wa kilo 60. Spinachi iliyofika ukomo ule humpa kiasi hicho kwenye gramu 63 hivi. Hilo lisimtishe mtu mzima akaacha mboga; faida yake ni kubwa kuliko hofu hiyo. Wa kumwangalia ni mtoto mchanga, hasa wa chini ya miezi sita. Nitrati ikigeuka nitriti inazuia damu yake kubeba oksijeni, na ngozi inaanza kuwa ya bluu kuzunguka midomo. Mboga iliyopikwa na kupondwa, ikaachwa nje ya friji saa nyingi, ni hatari zaidi, kwa sababu bakteria huendelea kugeuza nitrati kuwa nitriti ndani ya bakuli.

La kufanya: punguza samadi ya kuku, panda kwa nafasi ili majani yapate mwanga, na usivune alfajiri wala baada ya siku kadhaa za mawingu. Alasiri ya siku ya jua jani limekwisha tumia sehemu ya nitrati yake. Mabua yana nitrati nyingi kuliko ubapa wa jani, na ukichemsha kisha ukamwaga maji unapunguza nyingine.

Watu wameumwa tumbo, au maabara imekuta E. coli

Kwanza simamisha kuchuma kwenye eneo hilo. Mwenye kuharisha damu, na hasa mtoto mdogo, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu E. coli O157:H7, aina kali ya bakteria huyo wa utumboni, inaweza kuharibu figo, na dalili huanza kwa kawaida siku tatu nne baada ya kula. Kwa hiyo swali la kuuliza si amekula nini leo asubuhi. Bakteria wasiofika mia moja wanaweza kutosha kumlaza mtu, na ndiyo maana jani kuonekana safi hakukuambii kitu.

Matokeo ya maabara yasome vizuri. E. coli wa kawaida si lazima alete ugonjwa. Yeye ni alama kwamba kinyesi kimefika mahali. Kazi yako ni kutafuta njia kilikopitia.

Samadi italaumiwa kwanza, na mara nyingi kwa haki. Lakini kinyesi kina miguu. Mwaka 2006 nchini Marekani watu takriban 200 waliugua na watatu walikufa kwa spinachi yenye O157:H7. Kimelea chenye alama ileile kilikutwa kwenye kinyesi cha ng'ombe, kwa nguruwe mwitu na kwenye maji ya mto karibu na shamba. Mwaka 2018, nchini humohumo, saladi aina ya romaine iliwafanya watu 210 waugue na kuua watano. Safari hii kimelea kilikutwa kwenye maji ya mfereji wa umwagiliaji uliopita jirani na eneo la kunenepeshea ng'ombe. Na mwaka 2011 Ujerumani matango yalishutumiwa kwa siku kadhaa, wakulima wakatupa mazao yao, kabla ya kugundulika kuwa chanzo kilikuwa mbegu za uwatu zilizooteshwa. Zaidi ya watu 50 walikufa. Anayekimbilia kumtaja mkosaji kabla ya kufuata njia anaweza kuacha chanzo kikiendelea kufanya kazi.

Mimi hufuata njia kinyumenyume, kutoka sahani kurudi shambani. Mboga zilioshwa wapi, kwa maji gani, na mafungu mangapi yalipita kwenye beseni lile? Zilibebwa kwenye nini? Toroli lililopeleka samadi asubuhi na kurudisha mchicha jioni nimelikuta zaidi ya mara moja, na mwenyewe hakuwa amewahi kuliona kama tatizo. Aliyechuma alikuwa anaumwa tumbo? Palikuwa na choo na maji ya sabuni karibu, au alikwenda vichakani? Mboga ziliwekwa chini? Kisha maji ya kumwagilia: yanatoka wapi, na nini kiko upande wa juu wa mto au kisima hicho? Kisha wanyama: mbuzi, kuku, mbwa, ndege, nyayo kwenye matuta. Mwisho samadi: ilitoka lini, ilipata joto lipi, nani aliandika.

Kama uchafu unaonekana msimu wa mvua na kupotea kiangazi, tazama matone. Tone la mvua likigonga udongo mtupu hurusha chembe zake mpaka chini ya majani, mahali ambapo jua haliui na maji ya kuoshea hayafiki vizuri. Matandazo makavu na safi yanalipunguza hilo sana. Kumwagilia kwa matone ya chini badala ya kopo la juu nako husaidia. Mboga iliyopandwa karibukaribu, ikalala chini kwa uzito wake, ndiyo huchafuka zaidi.

Tuta lililothibitika kuchafuka lisipandwe kwanza mboga za kuliwa mbichi. Panda kitu kirefu kinachopikwa, mahindi kwa mfano, na uanze kuhesabu siku 120 tangu samadi ya mwisho.

Umepulizia chai ya samadi kwenye majani

Acha. Chai ya samadi ni maji yaliyolowekwa samadi au mboji, na watu wengi huongeza molasi ili "vijidudu vizuri" vizaliane. Sukari haichagui nani wa kumlisha. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba molasi huwezesha E. coli na Salmonella waliokuwa wachache kupita kiasi kuongezeka ndani ya pipa, kisha wewe unawapaka moja kwa moja kwenye sehemu inayoliwa. Ukiamua kuitumia, itengeneze kwa mboji iliyopita kwenye joto, kwa maji ya kunywa, bila sukari, na uimwage kwenye udongo kando ya mizizi wakati mimea ni michanga. Iliyokwisha kunyunyiziwa ipikwe; isiende kwenye kachumbari.

Mbolea "zilizochakatwa" zinazodhaniwa salama

Mboji ya minyoo ni nzuri kwa mmea, lakini minyoo wenyewe hufa kwenye joto linaloua vimelea, kwa hiyo kwa asili yake haijapata joto. Pitisha samadi kwenye lundo la moto kwanza, kisha wape minyoo. Tope la biogesi kutoka mtambo usiopashwa moto, ichukulie mbichi. Bokashi, yaani mabaki yaliyovundikwa na vijidudu kwenye ndoo iliyofungwa, imechacha tu, haijapata joto.

Kinyesi cha binadamu ni jambo jingine kabisa, na sioni sababu ya kukiweka karibu na mboga za majani. Humo hutoka askaris, na humo hutoka mayai ya tegu wa nguruwe. Watu hudhani tegu huyo ni shida ya wala nyama, lakini anayemeza mayai yake kwenye jani bichi ndiye anayeweza kupata uvimbe wa ubongo na kifafa, hata kama hajawahi kugusa nguruwe. Mkojo ni tofauti: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unakubali uliohifadhiwa kwenye chombo kilichofungwa angalau miezi sita kwa nyuzi 20 au zaidi, ukamwagwa udongoni na ukapita mwezi kabla ya kuvuna.

Vipande vya plastiki, vioo, betri au majivu ndani ya mboji

Mboji ya takataka za mjini isiyochambuliwa vizuri huleta metali nzito, na hizi hazifi kwa joto. Kadimiamu huingia kwenye mzizi na kupanda hadi kwenye jani, hasa udongo ukiwa na tindikali. Spinachi na saladi huinyonya kuliko mazao mengi, na hakuna kuosha kunakoitoa. Risasi hainyonywi sana, lakini hukaa juu ya jani kama vumbi, kwa hiyo kuosha kunasaidia. Majivu yatoke kwenye kuni tupu. Mbao zilizopakwa rangi au kuwekewa dawa ya mchwa zinaweza kuwa na risasi, shaba, kromiamu na aseniki, na zikiungua metali hizo hubaki kwenye majivu. Ukipata betri moja kwenye mboji ya kununua, usiitoe kisha ukaendelea. Rudisha mzigo.

Zimeoshwa, lakini bado mtu ameumwa

Kuosha kwa maji safi hupunguza bakteria mara kumi hadi mara mia. Kama walikuwa laki moja, wamebaki elfu moja hadi elfu kumi. Wengine wamejificha kwenye mikunjo na pale kisu kilipokata, ambapo maji hayawafikii. Kupika mpaka mboga yote ipate moto wa nyuzi 70 kunawamaliza. Kwa hiyo mboga ya kuliwa mbichi na mboga ya kupikwa zisilimwe kwa masharti sawa. Saladi ipate tuta lenye historia unayoijua.

Beseni ndilo huharibu zaidi. Fungu moja chafu likiingia kwenye maji, mafungu ishirini yanayofuata yanapakwa uchafu wake. Kwa anayeosha kwa ajili ya kuuza, klorini kazi yake kubwa ni kuzuia hilo, si kuokoa jani lililokwisha kuchafuka. Kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo (si sabuni), isiyo na harufu ya manukato, yenye asilimia 5, mililita 10 hadi 20 kwenye lita 10 za maji hutoa sehemu 50 hadi 100 za klorini kwa milioni. Soma lebo, kwa maana zipo za asilimia 3.5, na hizo zinahitaji kama mililita 30 kufikia 100. Usichanganye kamwe na siki au ndimu. Hutoka gesi yenye sumu. Ondoa udongo kwanza kwenye beseni la maji matupu, kisha zamisha kwenye la klorini dakika moja au mbili, kisha suuza kwa maji ya kunywa. Udongo na utomvu wa majani hula klorini, kwa hiyo maji yakishageuka rangi dawa imekwisha hata kama ulipima vizuri asubuhi. Mwaga, tengeneza mengine.